Wazee Watatu wa Kumuposea Kisimba Ulaya

Ninyi vijana wa ukoo huu, na ninyi wengine mutakaosoma bila kunijua, mukae chini na muzime kwanza hizo simu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine wa shule ya primere, kisha nikatolewa, basi mukiona nimeandika vibaya musicheke kwa sauti. Siandiki kwa kuwapendeza. Ninaandika kwa sababu ya neno moja nililosikia mwezi uliopita kwenye matanga ya Kisimba, shemeji yangu, mudogo wa marehemu mume wangu. Tulikuwa kwenye mikeka, wamama upande wa jiko, wanaume upande wa barabara, na kijana mumoja wa biro, ofisi alimofanya kazi Kisimba, kijana wa kravati shingoni, akasimama kueleza habari za marehemu. Akasema: "Muzee Kisimba alikuwa na akili nyingi, lakini hakuwa na hamu ya kusonga mbele. Angetaka, angefika mbali." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza, kwa sababu siku ya kuzika si siku ya kugombana. Lakini juma lililofuata Feza, mujukuu wangu wa Lubumbashi, akanipigia simu. Amefanya kazi hospitali miaka mingi, sasa anataka kurudi masomoni, masomo ya juu, inchi ya wengine, na wanamudai watu watatu wa kumushuhudia kwa barua. "Tate, nimuombe nani? Nimuombe Direkta wetu? Ana jina kubwa." Nikamwambia: "Usimuombe mutu yeyote mpaka nikuandikie." Njo haya ninayoandika. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayana kazi hapa.

Mwaka ninaousema ulikuwa wakati wa Zaire, mwaka uliofuata mambo ya Moba, wakati watu wenye bunduki walivuka ziwa, wakaingia muji ule, kisha wakafukuzwa. Sisi wa Kalemie hatukusikia risasi zile, lakini hofu yake ililetwa kwetu na kila mashua. Askari walisimama bandarini, wakimwaga chini magunia ya ndagala, vile visamaki vikavu, ya wamama, wakichokora kwa fimbo wakitafuta sijui nini. Mutu aliyetoka Moba aliulizwa alilala kwa nani na alimusalimia nani. Watu wakaacha kuulizana habari za Moba. Waliulizana habari za samaki, na ukitaka kujibu la Moba ulijibu la samaki: wamepungua, wanauma, mumoja amenaswa jana. Hata leo mutu akiniuliza habari za samaki kwa sauti ya chini, ninaangalia nyuma yangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa kazi ya bandari, vyumba vitatu chini ya kilima, karibu sana na reli. Treni ya Nyunzu ikipita, sahani zote zilikuwa zinalia ndani ya kabati. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja kubwa, nzito, ya mbao za behewa la zamani; mume wangu, Papa Ilunga, alizipata siku walipovunja mabehewa, na fundi alipomaliza ilionekana haiwezi kupita mulangoni. Walibomoa ukuta kidogo, wakaiingiza, wakajenga tena. Kwa hiyo meza ile haingetoka mule, na kwa sababu hakuna jirani aliyekuwa na meza kama ile, kila shauri la ukoo lilikuja kukalia pale. Mimi nilikuwa nyuma ya rido, kitambaa cha maua kilichotenga chumba na jiko. Nilisikia yote. Wanaume wanafikiri rido ni ukuta.

Kisimba alikuwa anakaa kwetu, kijana asiyeoa bado, mwenye diplome ya miaka mitatu kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kwenye biro moja ya serikali inayohusu samaki. Asubuhi sana, mashua zikirudi, alikuwa ufukoni na mizani na rula, akipima mikebuka na ndagala za watu, akiwapasua wengine kuona tumboni wamekula nini. Wavuvi walimutania: "Daktari wa samaki, huyu wangu anaumwa nini?" Naye anajibu: "Huyu amekufa, Papa, umemuleta umechelewa." Alikuwa anarudi nyumbani akinuka, akila amesimama, akinieleza kwamba mikebuka wanakuwa wadogo mwaka kwa mwaka na hakuna anayejua kwa nini. Alitaka kujua kwa nini. Hiyo njo ilikuwa hamu yake, ninyi mulioambiwa hakuwa nayo. Basi ikaja karatasi kutoka Ubelgiji, burse ya kusomea mambo ya maziwa makubwa, na ndani waliandika: watu watatu, wanaojua kazi yako na tabia yako, kila mumoja aandike barua.

"Watatu," mume wangu akasema pale mezani, "kama wazee wa posa."

"Yaya, si posa. Ni burse," Kisimba akamujibu kaka yake.

"Unakwenda kuomba, kwa watu usiowajua, kitu wasichompa kila mutu. Kama si posa ni nini? Tena bibi harusi wako ni Ubelgiji. Atadai mahari, huyo." Wakacheka. Nilicheka pia, mukono ndani ya unga.

Wa kwanza alikuwa profesa wa Lubumbashi. Kisimba aliogopa kumuandikia. Alikuwa ametoka shuleni miaka mingi, akafikiri hakumbukwi tena, sura wala jina. Profesa akajibu kwa mistari kidogo: ninakukumbuka vizuri, wewe njo uliyeleta samaki wakavu darasani tukahama chumba siku mbili. Akakubali. Tulifurahi sana siku ile. Wa pili alikuwa Mwalimu Sangwa. Huyu njo mutu aliyemufundisha Kisimba kule Moba, tangu mutoto, kumupasua samaki na kumusoma tumbo, na hakuna mutu duniani aliyemujua zaidi. Lakini Mwalimu Sangwa alikuwa na shida. Watu wenye bunduki walipoingia Moba walilala ndani ya shule yake. Hakuwaita, hakuwapikia, walivunja mulango wakalala. Jeshi liliporudi likaanza kuwauliza walimu mumoja mumoja, na waliokwenda kujibu wengine hawakurudi. Yeye akapita milimani kwa miguu akafika huku, akajikalia kule Katanika, kwa mutoto wa dada yake. Katanika munayoijua leo kwa wakimbizi, wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba zinazoachana. Akalima kama mutu yeyote. Nyumbani kwetu hatukumutaja. Tulisema "yule muzee wa mihogo", na kila mutu alijua.

Shida ilikuwa wa tatu. Mume wangu alitaka Direkta wa biro ya Kisimba, ambaye alikuwa pia mukubwa wa Chama pale kazini, kama ilivyokuwa kila mahali wakati ule: mutu aliyekulipa mushahara njo aliyeandika kama uliimba kwa nguvu siku ya animasio, nyimbo za kusifu Chama, ao ulifungua kinywa tu. Kisimba hakutaka.

"Yaya, ananijua kwa sababu jina langu liko kwenye karatasi ya mushahara. Sijamuona hata siku moja pale tunapopima."

"Hauhitaji akujue. Unahitaji asikukatae. Utapita juu ya kichwa chake? Bila neno lake hautatoka hata kwenda Nyunzu."

"Ataandika nini sasa?"

"Ataandika jina lake chini. Jina lake njo barua."

Nikasema kutoka nyuma ya rido: "Mutu asiyekujua akitaka kukuandika, lazima aulize wengine. Mumefikiri atamuuliza nani, na kuuliza nini?"

"Mama Ilunga," mume wangu akajibu, "uchunge bukari isiungue."

Bukari, ugali wetu, haikuungua. Sasa muelewe desturi yetu, kwa sababu bila hiyo hamutaelewa lililofuata. Kwetu ukituma wazee kuposa, kila muzee lazima aambiwe wenzake ni nani. Ukimuficha hata mumoja, umemutukana: labda umemuweka pamoja na mulevi, labda na mutu aliyegombana naye kwa shamba. Mutoto wa kiume anajua hili mbele ya kuota ndevu. Tena mutu mukubwa haumuombi neno kama lile kwenye biro, ukisimama mbele ya meza yake kama unaomba likizo. Unamuita kwako, anakula, ndipo unamuambia. Wazungu waliotuma ile karatasi hawakuandika kwamba lazima umupikie mutu. Walisema tu waandike, bahasha ifungwe. Sisi njo tulileta posa ndani ya jambo lisilokuwa posa, na tulifanya kwa moyo muzuri, kwa heshima yote tuliyofundishwa.

Akaja siku ya Mungu, saa ya jua, baada ya misa. Gari nyeupe, dereva akabaki nje, na nilipomupelekea maji akakataa, hakunitazama usoni. Direkta alikuwa mutu mufupi, musafi, koti la abakosti la rangi ya majivu, picha ndogo ya Mukubwa wa inchi kifuani, na sauti laini sana. Mutu wa kupiga kelele ungemuelewa. Huyu alisalimia watoto wote kwa jina, na hakuna aliyekuwa amemutajia majina yao. Akaangalia ukuta, akaangalia dirisha la reli, akauliza mulango wa nyuma unatokea wapi. Mume wangu akamujibu, unatokea kwenye choo na njia ya bandarini. "Nyumba nzuri," akasema. "Inapumua." Nilikuwa nimepika samaki kuhe mukubwa na mafuta ya mawese, sombe ya majani ya muhogo, bukari ya muhogo nyeupe kabisa. Alikula kwa mukono kama sisi, akasifu kila kitu.

"Mama Ilunga, munapata wapi kuhe namna hii? Sisi wakubwa wa biro ya samaki tunakula sardini ya mukebe!"

Tukacheka, kwa sababu alingojea tucheke.

Mume wangu akatoa neno, vizuri, kama anavyosema muzee wa ukoo. Direkta akasikiliza akitafuna. Akasema ataandika, kwa furaha, kwa nini asiandike, kijana ni sifa ya biro. "Tunakwenda kukuposea Ulaya," akamuambia Kisimba, naye alitumia neno lile lile letu bila kuambiwa. "Bon. Na wenzangu ni nani? Ao mutanipeleka ukweni macho yamefungwa?"

Kisimba akamutaja profesa. Direkta akatikisa kichwa, akifinyanga bukari. "Mutu mukubwa. Na mwingine?"

"Mwalimu wangu wa zamani, Sitwayen Direkta." Wakati ule kila mukubwa aliitwa Sitwayen, maana yake raia.

"Mwalimu ana jina."

Hapo nikatoka na bakuli la maji, hakuna aliyeniita. "Mukubwa, maji ya kunawa haya." Akanitazama akitabasamu. "Bado, Mama. Ningali ninakula." Nikabaki nimesimama. Kisimba alikuwa anamtazama kaka yake. Mume wangu alikuwa anaona haya, si kwa hofu, ninawaambia ukweli, kwa haya tu, kwamba mugeni wa heshima anangojeshwa jibu ndani ya nyumba yake kama mutu anayedai deni. Akasema: "Mwambie mukubwa. Ni mwenzake."

"Mwalimu Sangwa," Kisimba akasema.

Direkta aliweka tonge lake pembeni ya sahani. Aliliweka polepole, akalisawazisha kwa kidole. "Sangwa wa Moba."

"Ndiyo, Sitwayen Direkta."

"Mimi nilifikiri alivuka ziwa. Watu wamemutafuta, wamuulize habari kidogo tu. Kumbe yuko karibu na sisi, anaandika barua." Kisha akanigeukia. "Sasa lete maji, Mama."

Akanawa, akashukuru, akaenda. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mugeni, na mugeni anakimaliza. Kukiacha ni neno. Kichwa kilibaki kizima katikati ya sahani, na treni ikapita, na sahani zikalia. Mume wangu alikuwa ameketi akikitazama. "Amesahau kichwa," akasema.

"Hakusahau," nikamuambia. "Amepewa kikubwa kuliko kichwa."

Asubuhi yake nilibeba beseni na jembe, kama mama yeyote anayekwenda kuchimba mihogo, nikapita Katanika. Mwalimu alikuwa ameketi nje, anamenya muhogo. Nikamuambia moja kwa moja, kwa sababu habari mbaya haipambwi: "Mwalimu, jina lako limetajwa mbele ya Direkta." Aliendelea kumenya mpaka mwisho, ganda likatoka refu bila kukatika.

"Nani alitaja?"

"Nyumba yetu."

"Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula."

Akatikisa kichwa, kama mutu aliyeelewa hesabu. Nikamuambia iko mashua ya watu wa sabuni wanaokwenda Kigoma, ninawajua, watamubeba. Avuke. Akasema: "Mama Ilunga, barua nimekwisha kuiandika. Padri anayekwenda Lubumbashi ameondoka nayo. Jina langu liko chini yake. Nikivuka leo, nimekubali mwenyewe kwamba nilikuwa mutu wa bunduki, na Kisimba anakuwa kijana aliyeshuhudiwa na mutu wa bunduki. Watamufungia njia. Na hiyo ni kama watakuwa na huruma." Akachukua muhogo mwingine. "Nikikaa hapa, mimi ni mwalimu muzee tu, na barua yangu ni barua ya mwalimu."

"Na wakikuchukua?"

"Mutu anayechukuliwa nyumbani kwake hakukimbia." Kisha akaniuliza kama Kisimba siku hizi anaosha kisu mbele ya kumupasua samaki mwingine, maana alikuwa muvivu wa kuosha kisu, na damu ya mumoja inaharibu habari ya mwingine. Nikamuambia anaosha. Sikujua kama anaosha. Nilirudi na beseni tupu, na njiani nilichimba mihogo ya mutu nisiyemujua, ili watu wasinione ninarudi hivi hivi.

Siku kadhaa zikapita bila neno kutoka kwa Direkta, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko makelele. Kisimba alikwenda kazini, akarudi, hakula amesimama tena. Aliketi na hakula. Jumamosi, siku ya salongo, mitaa yote iliitwa pamoja kusafisha barabara ya daraja la Lukuga, kwa sababu mukubwa fulani alikuwa anakuja kutoka Kinshasa na hakutakiwa aone majani. Watu wa Katanika walikuja pia, na Mwalimu kati yao, kofia ya majani kichwani. Alikuja kulima karibu yangu. Hatukusalimiana. Gari ikasimama, akashuka kijana mumoja wa miwani nyeusi, mwenye adabu, ninyi mungempenda awaoe dada zenu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akalitoa jembe mikononi mwa muzee taratibu, kama mutu anayemupokea babu yake muzigo, akanipa mimi. "Mama, umutunzie muzee jembe lake." Mwalimu akapanda gari mwenyewe. Alikunjua suruali aliyokuwa amekunja kwa sababu ya matope ya Lukuga, miguu yote miwili, akaifuta kidogo, ndipo akapanda. Gari ilipokwenda, musimamizi wa salongo akapiga kelele: "Kazi! Munatazama nini?" Tukalima. Nilikuwa na majembe mawili na sikujua nilime na lipi.

Mvua zilikuwa zinakaribia wakati Direkta alipotuma neno kwamba barua yake imekwisha na anakuja kuileta mwenyewe, na kwamba anakumbuka kuhe wangu. Hakuuliza kama tunataka. Nilipika. Musiniulize kwa nini. Atakayeniuliza hivyo hakuishi wakati ule. Aliketi mahali pale pale, akatoa karatasi, akatusomea kwa Kifaransa, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili, mimi na mume wangu, polepole, tusikose kitu. Ilikuwa barua nzuri. Kijana mwenye bidii, muaminifu, muangalifu, mutoto wa kweli wa inchi. Kila neno lilikuwa kweli, na mutu aliyeyaandika hakuwahi kumuona akipima samaki hata mumoja.

"Sasa," akasema, akijivutia sahani, "mahali pa yule muzee. Barua yake itakuharibia, hiyo unajua. Utaweka nani?"

Kisimba aliitazama barua ile juu ya meza.

"Nipe jina lingine. Nitamuita mimi mwenyewe, haitakusumbua. Walimu wa Moba walikuwa wengi, wamesambaa. Wengine wako hapa Kalemie, si ndiyo? Lazima iko mumoja anayekupenda."

Nilikuwa nyuma ya rido na nilishika kitambaa kile kwa mukono. Walimu wa Moba waliojificha Kalemie walikuwapo wawili, na Kisimba aliwajua wote, na mimi niliwajua, na mume wangu. Mumoja alikuwa anauza mafuta ya taa sokoni. Nikamuona mume wangu, kupitia tundu la rido, na nikaona kwamba safari hii hatasema "mwambie mukubwa". Alikuwa anatazama mbao za meza.

"Hakuna mwingine, Sitwayen Direkta," Kisimba akasema.

"Kila mutu ana mwingine."

"Mimi sina. Na nimefikiri. Sitaomba tena hiyo burse. Kazi ya samaki inanitosha."

"Unatupa Ulaya hivi hivi? Pamoja na barua hii?"

"Ninatupa."

Direkta alimutazama. Kisha akacheka, kicheko kizuri, cha mutu aliyeshiba, akamugeukia mume wangu. "Papa Ilunga, mudogo wako ana akili nyingi, lakini hana hamu ya kusonga mbele. Pole sana." Akaikunja barua, akairudisha mufukoni. Akala. Siku ile alikula kichwa, akanyonya macho, akavunja mifupa ya shavu, hakubakiza kitu. Na neno lile akalibeba mpaka biro, akalisema pale, wengine wakalishika, wakawaachia waliokuja nyuma yao, na miaka yote hii limetembea mpaka likafika kwenye matanga, likasimama mbele ya maiti limevaa kravati. Kijana yule hakujua lilipotoka. Wewe unayesoma unajua sasa. Kisimba alipima samaki mpaka magoti yakakataa, na sikumusikia hata siku moja akijitetea.

Mwalimu Sangwa alirudi mvua zilipokwisha. Hakuna aliyemuleta. Nilimukuta asubuhi kwenye mulango wa nyuma, ule unaotokea njia ya bandarini, mwembamba, meno ya mbele hayako, mukono wa kuume ameukunja kifuani na haukunjuki. Nilimuketisha mezani, nikampa bukari na ndagala. Alionja, akaacha kula, akauliza: "Iko chumvi, Mama Ilunga?" Nikampa. Akatia nyingi, akala kwa mukono wa kushoto, na machozi yalikuwa yanatoka bila yeye kulia. Nafikiri ni chumvi. Alipomaliza akauliza: "Kijana alikwenda?"

"Hakwenda."

"Barua yangu ilimuharibia?"

"Hapana. Waliuliza jina lingine la mahali pako."

Aliusogeza mukono ule uliokunjika, akauweka juu ya meza kama kitu cha mutu mwingine. "Akasema?"

"Hakusema."

Mwalimu alitazama dirishani, upande wa reli. Hakusema sifa, hakusema asante. Akauliza kama iko ndagala zilizobaki. Nikampa zote, na nikaenda kumuletea jembe lake, nililolipaka mafuta lisipate kutu. Akalibeba begani kwa mukono wa kushoto akaenda zake Katanika. Kisimba alipotoka ufukoni nikamuambia nani alikuja. Alikaa chini pale kwenye ngazi ya jiko, na kisu cha samaki mukononi, kisha akasimama akakiosha.

Basi Feza, nimejibu. Wakati wako si wakati ule, na labda Direkta wako ni mutu muzuri. Lakini usianze na mwenye kiti kikubwa. Anza na aliyesimama na wewe penye matope, aliyekuona ukikosea ukarudilia, hata kama jina lake halijulikani nje ya mutaa. Muulize kwanza, peke yake: kukuandika kutamugharimu nini? Akisema hakuna, muulize mara ya pili. Na atakayetaka kujua wenzake ni nani, mwambie Tate wako amekukataza.

Kwa maana nilikataza. Siku ile ile Direkta alipomaliza kichwa, gari yake ilipokwisha kupita reli na sahani zingali chafu, niliwaita wote waje kwenye meza ile isiyoweza kutoka: mume wangu, Kisimba, watoto, hata dada yangu aliyekuja kututembelea tu. Sikungojea mume wangu aseme kwanza, na hakunizuia. Nikawaambia: kuanzia leo, ndani ya nyumba hii, mugeni atapewa maji, atapewa bukari, atapewa samaki pamoja na kichwa. Jina la mutu asiyeketi mezani hapa, hapewi.